Mlango wa Meli Kule Mgeta

Kule Mgeta, juu milimani, mahali ambapo bahari haionekani hata siku ya anga jeupe, kuna kipande cha mlango wa meli ya vita. Kimelazwa juu ya kijito, na watu hupita juu yake kila asubuhi wakiwa na matenga ya kabichi na karoti, wakiwahi malori ya Dar es Salaam. Kilitengenezwa ili vifaru vishukie ufukweni huku risasi zikirushwa. Siku hizi kinavusha nguruwe, watoto wa shule na akina mama. Wengi wanaopita hawajui kilikotoka. Wanapaita Chumani, basi.

Wiki hii kaka yangu amenipigia simu kutoka huko. Kuna vijana wamefika na gari, wananunua chuma chakavu. Waliukagua mlango ule, wakaugonga kwa nyundo, wakauliza ni wa nani. Mimi nilikuwa mjini Morogoro, nikipita karibu na karakana ya mchomeleaji wa mageti, na ile harufu ya chuma kinachokatwa kwa gesi ilikuwa imejaa njia nzima.

"Upo?" kaka aliuliza.

"Nipo."

"Wakirudi niwajibu nini?"

Sikusikia uchungu wowote. Nilisikia harufu tu. Nikamwambia anipe muda. Kabla ya kumjibu, nataka kupanga kwanza mambo jinsi yalivyokuwa.

Baba yetu alikuwa baharia, mtu wa Lindi. Tuliishi Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, katika nyumba ya kupanga, mlima ukianzia nyuma ya choo. Mama alikuwa Mluguru wa Mgeta, akiuza sokoni mboga zilizoshushwa kutoka kwao. Baba alikuja wakati wa likizo, na alipokuja nyumba ilinuka papa mkavu, dizeli na rangi. Mimi na kaka hatukuwa tumeiona bahari. Tuliijua meli yake kwa maneno yake tu.

Alisema haikufanana na meli za kwenye vitabu vya shule. Chini ilikuwa bapa kama sufuria, kwa hiyo mawimbi yaliichezea, na hata mabaharia wazoefu walitapika. Lakini ubapa huo ndio uliokuwa faida yake, kwa sababu haikuhitaji bandari. Ilingoja maji yajae, ikaelekea ufukweni moja kwa moja kama ng'ombe anayekwenda kunywa, ikapanda mchanga, ikafungua mdomo. Milango miwili ya mbele ilifunguka pembeni, na wa tatu, wa ndani, ukashuka kwa minyororo mpaka ukalala mchangani. Malori yakatoka humo yakiendeshwa. Maji yalipokupwa meli ilibaki nchi kavu, watoto wa kijiji wakicheza kwenye kivuli cha tumbo lake, hadi maji yajae tena iondoke. Vijiji vya kusini visivyo na gati viliitegemea kwa saruji, mabati, madawati na ng'ombe, na wakati wa kurudi ilibeba korosho. Kazi ya baba ilikuwa ule mlango wa ndani. Yeye ndiye aliyeushusha na kuupandisha.

"Na vita, baba?" kaka alikuwa akiuliza kila likizo.

"Vita ilikuwa kabla yangu. Mimi nimeikuta mtu mzima. Imeshastaafu mara kadhaa, na kila ikistaafu inaajiriwa tena."

Wenzangu wa rika langu watakumbuka miaka iliyofuata. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na viberiti yalianza kujaa sabuni za kunukia, betri na vitambaa. Sokoni mitumba ilimwagwa kwenye maturubai, na wanawake wakaipekua kama wanaochambua mchele. Wakati huohuo king'ora cha kiwanda kilichokuwa kikituamsha asubuhi kilinyamaza, na baba wa rafiki zangu wakaanza kuonekana mtaani mchana, wamevaa vizuri, hawaendi popote. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilifurahia sabuni.

Kisha baba akaja wakati ambao haukuwa wa likizo. Mama alikuwa akipepeta mchele uani. Aliutazama mzigo kabla ya kumtazama mwenye mzigo.

"Umekuja na godoro," alisema.

"Nimekuja na godoro."

Mama akaendelea kupepeta. Ungo ulisikika muda mrefu.

"Na meli?" nikauliza.

"Imeuzwa, mwanangu. Inakatwa vipande, vinapakiwa kwenye malori."

"Vinakwenda wapi?"

"Huko na huko. Kipande cha mlango kimepewa mimi. Kinakuja."

Mtoto huelewa kwa kutumia alichokwisha kuona. Muda si mrefu kabla ya hapo jirani yetu alikuwa amehama. Alivunja nyumba yake ya mabati, akapakia milango kwanza, kisha nguzo, kisha mabati, akaijenga upya yote mtaa wa Kilakala. Tulikwenda kumtembelea na nyumba ilikuwa ileile, hata alama za mkaa nilizochora ukutani zilikuwepo. Kwa hiyo niliposikia kwamba meli inakatwa na kupakiwa, na kwamba mlango unatangulia, nilijua kinachofanyika. Baba alikuwa anahama na meli yake. Nilishangaa tu kwamba watu wazima hawakulifurahia jambo hilo.

Kodi ya Bigwa haikuwezekana tena, tukalazimika kupanda kwao mama. Hapo lazima nieleze desturi, kwa wasioijua. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na watoto ni wa ukoo wa mama. Msemaji wa mambo yote hayo ni mjomba. Mwanamume aliyeoa pale hakatazwi kulima. Apande mahindi, maharage, kabichi, vitu vinavyovunwa vikaisha. Ila asipande mti, kwa sababu mti unakaa, na mwenye kitu kinachokaa siku moja husema hapa ni pake.

Niliwasikia wazazi wangu wakizungumza tukifunga vyombo.

"Nikikaa huko nitakuwa nani?" baba aliuliza.

"Utakuwa mume wangu."

"Na mchana?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Nitaomba niwawekee daraja kwenye kile kijito," baba alisema. "Nisionekane nimekuja kula tu. Kaka yako akikataa, nitarudi Lindi."

"Na watoto?"

"Watoto ni wenu. Mmesema wenyewe siku ya harusi."

Basi nilijua mambo yalivyosimama. Mjomba akikubali, tunabaki na baba. Mjomba akikataa, baba anaondoka na godoro lake na sisi tunabaki. Lakini sikuogopa sana, kwani meli yote ikishafika, baba angekaa ndani yake, na hakuna ambaye angemwambia yuko kwenye ardhi ya mtu.

Mjomba alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Tulipofika alikuwa amevaa koti la sufu la mitumba, vifungo vyake vikiwa upande wa kike, na mtu asimwambie kitu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni kwenu." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe karibu kwetu, shemeji. Nimeambiwa hugusi nguruwe. Nimewaambia nguruwe wangu, wamefurahi sana."

Baba alitabasamu. Akaeleza habari ya daraja. Mjomba akasema kijito kile kimekwisha kula magogo mengi, na kila masika mboga zinaoza upande wa pili watu wakingoja maji yapungue. Lete hicho chuma, alisema. Sikuona ugumu wowote.

Chuma kilikuja na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Kilikuwa kipande chembamba kilichokatwa kwenye ule mlango kwa urefu wake, upana wa kutosha mtu mwenye tenga na mwingine wa kupishana naye. Kilikuja na mnyororo na winchi ya mkono ya kuuvutia. Mama na shangazi zake walipika pombe, bonde zima likatoka, wanaume wakakiburuta kwa kamba kwenye njia ya mteremko, kikitambaa juu ya magogo, huku mjomba akipiga kelele mbele kana kwamba yeye ndiye anayekivuta peke yake.

Kilipofika nilikaa karibu nacho nikakinusa. Kilinuka kuungua. Pale kilipokatwa, ukingoni, rangi zilionekana zimelaliana, na baba alituonyesha kwa ukucha. Ya chini kabisa ilikuwa kijivu, hiyo ni ya vita. Juu yake nyeusi, ya tajiri mmoja aliyeinunua baada ya vita akabebea mbao. Halafu nyeupe, kisha nyeupe nyingine iliyogeuka njano, za wenye meli ambao hata baba hakuwajua. Halafu bluu, ya shirika lililomwajiri baba, ambayo yeye mwenyewe aliipaka akiwa kijana. Juu ya bluu hapakuwa na kitu ila kutu.

"Mbona hapa hamkupaka?" kaka aliuliza.

"Rangi zilikwisha."

Niliwatangazia watoto wote wa pale kwamba huu ni mlango tu, na kwamba mbavu, tumbo na mtambo vinakuja. Hawakunibishia. Na wao hawakuwa wameiona meli.

Kesho yake baba alianza kazi. Alichimba shimo refu upande wetu wa kijito, akakusanya mawe, akafungua mfuko wa saruji aliokuja nao. Mjomba alikuja na mswaki mdomoni, akasimama akatazama shimo.

"Shemeji, unapanda nini hapo?"

"Sipandi, najenga msingi."

"Kitakaa?"

Baba aliegemea sepetu. Alifikiri ameulizwa juu ya ubora wa kazi yake.

"Kitakaa, shemeji. Kitakaa kuliko mimi na wewe."

Kwao Lindi hayo yangekuwa majigambo ya fundi, na watu wangempongeza. Pale yalikuwa kosa. Mjomba alitoa mswaki mdomoni.

"Basi acha," alisema. Hakupandisha sauti, na kwa mtu kama yeye hilo ndilo lililotutisha. "Mimi nilidhani unaleta kitu cha kupitia. Kumbe unaleta kitu cha kukaa. Kesho watoto wa nduguzo wa Lindi watakuja hapa kuuliza daraja la baba yao mkubwa liko wapi, na ardhi lililosimamia ni ipi."

"Ni daraja tu, shemeji."

"Hata mti ni mti tu."

Kazi ikasimama. Chuma kilibaki kwenye majani, nyasi zikaanza kuchomoza pembeni mwake. Baba hakusema neno baya juu ya mjomba. Alifukia shimo lake vizuri, akalikanyaga, akaosha sepetu. Baada ya hapo akawa anakaa tu. Asubuhi moja niliona godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, limesimamishwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyenieleza. Mama alilizunguka alipofagia.

Mimi nilikuwa nakwenda kituo cha malori kila nilipotumwa, na hata nisipotumwa. Lori likiingia nilichungulia nyuma yake. Kulikuwa na magunia tupu na matenga tupu. Siku moja mjomba, aliyekuwa akipakia karoti zake, aliniona.

"Unamngoja nani hapa?"

"Nangoja meli iliyobaki."

Alitua tenga chini. "Hebu sema tena."

Nikamweleza kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza watoto. Mlango umetangulia. Vingine vinafuata. Ikishaungwa yote baba atakaa ndani, hatahitaji kupanda wala kujenga kwenye ardhi ya mtu.

"Na itakaa wapi meli yenyewe?"

"Popote. Haina msingi. Hata mlango haukai, mjomba, unashuka na kupanda."

Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu wa lori. Akawaita wapakiaji, akanifanya nirudie. Kisha akaniongoza hadi nyumbani akiwa bado anacheka, watu wawili watatu wakitufuata, na baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Nahodha!" mjomba alisema. "Mwanao anangoja meli kituoni. Anasema yote inakuja. Nimwambie mwenye lori aongeze magurudumu?"

Watu wakacheka. Mama alitoka jikoni akasimama. Baba hakucheka, na wala hakukasirika. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Haiji, mwanangu," alisema. "Imekwisha. Hiki kilichopo ndicho."

Nakumbuka kwamba sikulia. Nilitazama godoro nyuma yake, nikaliona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzigo wa safari. Sikusikia uchungu wowote. Hali hiyo imenirudia mara chache tangu siku ile, na mojawapo ni wiki hii, mbele ya karakana.

Kicheko kiliisha. Mjomba alijikuna shingo, akachezea vifungo vya koti lake.

"Huyu mtoto anasema ule mlango haukuwa unakaa," alisema hatimaye. "Ni kweli, au ni ya kwake hayo?"

"Ni kweli," baba alisema. "Haujawahi kukaa. Kazi yake ni kushuka na kupanda."

"Hata vitani?"

"Nasikia hata vitani. Ukishuka ukabaki chini, mmekufa wote."

Mjomba alikwenda mpaka kijitoni peke yake. Aliporudi alisema maneno ambayo mama aliyarudia hadi uzeeni. Alisema kisichimbiwe. Kilazwe juu ya mawe matupu, pande zote mbili, bila saruji. Mnyororo ufungwe kwenye mkuyu ulioinama pale ukingoni, kwa kuwa mkuyu ni wa ukoo. Mvua ikija kipandishwe, maji yakipungua kishushwe. "Kitu kinachopanda na kushuka," alisema, "hakijapandwa."

Kaka yangu, aliyekuwa amekua kidogo kuliko mimi, aliuliza nani atakuwa anakipandisha.

"Si huyo hapo," mjomba alisema. "Au kuna mwingine hapa anayejua?"

Mama aliingia ndani, akafungua kamba ya godoro, akalitandika.

Ndivyo baba alivyopata kazi ya mchana. Hakupewa shamba, hakupewa cheo, na hadi kufa kwake hakupanda hata mpapai. Lakini mawingu yalipokaa juu ya vilele vya Uluguru alishuka kijitoni na winchi yake, akazungusha, na ncha ya mlango ikanyanyuka polepole kwa mlio uleule, naamini, ambao vijiji vya kusini viliujua. Aliyasoma maji ya mlimani kama alivyosoma bamvua, yale maji makubwa ya pwani. Watu walimngoja ukingoni na matenga yao. "Nahodha wa kabichi," mjomba alimwita, "tuvushe, lori linaondoka." Baba alisema maji bado, na mjomba, mwenye ardhi, alitua tenga akangoja kama wengine. Ule mfuko wa saruji uligandia kwenye kona ya jiko ukawa jiwe. Mama aliukalia akimenya viazi.

Sidhani baba alikuwa na furaha. Sidhani pia alikuwa na huzuni. Wakati wa kiangazi, kijito kikiwa chembamba kama kamba, alikaa karibu na mlango uliolala, mkono juu ya mnyororo, akitazama upande ambao bahari ingekuwapo kama milima isingekuwapo. Ukimsalimia aliitikia. Ukimuuliza anawaza nini alisema hawazi kitu, nami namwamini.

Alikufa wakati wa kiangazi, baada ya miaka kadhaa ya mvua haba ambayo mlango haukuhitaji kupandishwa, akazikwa kwao Lindi, kama desturi ya kwao na ya kwetu ilivyotaka. Masika yalipofika watu walisimama kijitoni wakitazamana. Winchi ilikuwepo, lakini mnyororo haukusogea. Miaka yote ile mkuyu ulikuwa unanenepa, na gome lilikuwa limeufunika mnyororo polepole hadi ukaingia ndani ya mti. Mjomba alivuta, vijana wakavuta. Maji yakaja, yakapita juu ya chuma usiku na mchana, yakapungua. Chuma kilikuwa palepale. Hakijapandishwa tena tangu siku hiyo. Mjomba hakusema lolote juu yake, na baadaye naye akafa.

Mjomba sasa ni kaka yangu. Ndiye mjomba wa watoto wangu, na ndiye msemaji wa ardhi ile, ingawa kila akisema anakuwa anasema juu ya chuma cha baba yake. Nilipompigia tena jana alinieleza walichosema wale vijana wa chuma chakavu. Mlango wanaweza kuunyanyua, si shida. Shida ni mnyororo. Hawawezi kuutoa bila kuangusha mkuyu, na mti wa ukoo hauangushwi bila kauli ya mjomba.

"Sasa wewe unasemaje?" nilimuuliza.

"Kwanza niambie," alisema. "Kimepandwa, au hakijapandwa?"

Nilisikia kijito nyuma ya sauti yake, na mtu anayevuka, nyayo zake zikigonga chuma. Hatujakubaliana. Vijana wamesema watarudi baada ya mvua hizi, na mvua zimeanza.